Mrejesho: rozari ya jioni na vyombo vya jikoni

Tumsifu Yesu Kristo. Niliwauliza nifanyeje, maana kila jioni baba na watoto walianza rozari sebuleni huku mimi nikiosha vyombo peke yangu. Asanteni sana mlionijibu. Nilifuata ushauri wa dada aliyesema vyombo kwanza, sala baadaye, tena nizungumze na mume wangu faragha. Sasa yeye anaosha, kijana anasuuza, binti anafagia, kisha sote tunapiga magoti.

Makumi matano ya rozari, yaani mafungu matano ya Salamu Maria kumi, kila fungu na tendo lake la kutafakari, yalitushinda, mdogo alisinzia tendo la tatu. Siku za shule tunasali fungu moja tu, Jumamosi matendo ya furaha yote matano. Zamu ya mume wangu ya kupika Jumapili bado haijafanikiwa, tunaendelea kuiongelea.

Juzi niliongoza tendo la kwanza mwenyewe. Nilitokwa machozi. Mungu awabariki.