Uso wangu unawanyamazisha wasichana wakisoma Kifaransa

Mwalimu wa Kondele:
Walimu wenzangu, naomba ushauri. Nafundisha Kifaransa Kidato cha Pili hapa Kisumu. Wiki jana mwenzangu alinirekodi kwa simu nikiwa darasani, tukaitazama video wakati wa chai. Msichana mmoja anasoma "ils parlent" na kuitamka ile "-ent" yote. Simlaumu, kwa Kiswahili na Dholuo hajazoea herufi bubu, zile zinazoandikwa bila kutamkwa. Mimi sikusema neno. Lakini kwenye video nyusi zangu zinakunjamana, kalamu inagonga meza mara mbili, naye anakata sauti papo hapo. Sentensi zilizobaki alizinong'ona akiwa ameinamia kitabu. Nimeirudia mara nne na bado inaniuma, maana kila siku nawaambia wasome bila woga. Nifanye nini na uso huu?

Mzee wa Nakuru:
Pole, Mwalimu. Uso ni mgumu kuutawala. Anza na mikono. Nilifundisha Kifaransa hadi nikastaafu. Kwa herufi bubu nilikuwa nafumba ngumi, darasa linajua mwisho wa neno hautamkwi. Kwa "les amis" nagusanisha vidole viwili vya shahada, wanaunganisha: "lezami". Wafundishe ishara hizo mapema, tena darasa zima lizifanye kwa mikono yao, asije mmoja akadhani anaonyeshwa yeye peke yake. Na msomaji usimkatize. Ngoja afike kwenye nukta.

Mama Wawili, Kakamega:
Mimi naongeza kusubiri. Mary Budd Rowe wa Marekani, aliyechunguza masomo ya sayansi miaka ya 1970, aliona walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza swali. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka. Kwenye kusoma lugha ngeni mimi naona hata 3 ni chache. Nahesabu kwa kubonyeza kidole gumba pajani, nikiwa nimesimama kando ya madawati, si mbele yake. Halafu dada, usimwambie "niangalie". Wengi wetu tumelelewa kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Akiinama, huenda anakuheshimu tu.

Mwalimu wa Kondele:
Asanteni sana. Hilo la macho limenigusa, nilikuwa nalichukulia kama uvivu. Jana na leo tumefanya ngumi darasa zima, kalamu nimeiacha ofisini. Yule msichana alipopewa "elles chantent", nikauona mkono wake wa kushoto, chini ya dawati, unajifumba kabla hajafika mwisho wa neno. Akalisoma sawasawa, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

Sasa Mzee, nisaidie na "plus": mara "s" inatamkwa, mara haitamkwi. Hapo mkono ulikuwa unafanya nini?