Arobaini ya Baba

*Hamidi (Maskati):* Assalaam aleykum jamani. Shikamoo ami. Arobaini ya Baba imebaki wiki mbili. Nataka tuchinje ng'ombe, tuite walimu wa vyuo vyote viwili vya Kurani, turubai lifike hadi barabarani. Gharama zote juu yangu.

*Ami Salim:* Waaleykum salaam, marahaba mwanangu. Tanga tulianua siku ya tatu. Ng'ombe wa nini tena?

*Yusufu:* Shikamoo ami. Jaafar, binamu yake Mtume s.a.w., alipouawa vitani Muuta, mwaka 629, Mtume aliagiza jamaa za marehemu wapikiwe chakula kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Sisi tumegeuza, mfiwa ndiye anayehangaika na masufuria.

*Rehema:* Yusufu, siku tatu zile alipika nani? Mtaa mzima ulileta masinia, sisi hatukuwasha moto. Hitima ni kumsomea mzee wetu. Usiione vibaya kwa sababu huko ulikosoma haisomwi.

*Yusufu:* Sijaiona vibaya dada. Nasema tusimtwishe Mama kazi.

*Ami Salim:* Hitima nimekulia ndani yake na siiachi. Ila halua na kahawa zinatosha, watu wasome waende zao.

*Hamidi:* Ami, ninyi mlimwosha. Mliiona karafuu maiti ikinyunyizwa kwenye sanda. Wewe uliingia kaburini ukampokea, ukamlaza mwanandani. Baba kafa alfajiri, jioni kashazikwa. Mimi nimefika kesho yake adhuhuri, nakuta mrehani umenyauka juu ya udongo. Hata jembe sikushika. Mkiniambia tanga limeanuliwa, mimi langu sijalikaa bado.

*Neema:* Pole sana shemeji. Nilipoolewa kwenu, haraka yenu ilinitisha, niliona kama mnamtupa mtu. Kwetu Moshi baba alikaa mochwari siku sita akiwangoja kaka zangu, tukamsafirisha kutoka Dar, akazikwa kihambani kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Udongo niliutia kwa mkono wangu, na mpaka leo nashukuru. Lakini siku sita zile mama yangu alikuwa anapokea wageni tu. Alilia walipoondoka wote, peke yake jikoni. Hilo simtakii Mama.

*Rehema:* Na Mama yuko edani, wifi. Miezi minne na siku kumi, hata mmoja haujatimia. Turubai likifungwa, kila mwanamke atataka kuingia chumbani kumpa mkono.

*Hamidi:* Hilo sikulifikiria. Nisameheni.

*Ami Salim:* Hamidi, siku ile tulifukia giza linaingia. Upande wa kichwani udongo umetitia. Sijamwita mtu aurekebishe. Njoo tuufanye mimi na wewe. Jembe la baba yako liko kwangu.

*Hamidi:* Nakuja ami, inshallah. Ng'ombe basi.

*Rehema:* Nimemsomea Mama yote haya. Anasema walimu wawili watoshe, na Yasini uianze wewe Hamidi. Anauliza pia kama utamletea udi ule ule uliokuwa ukimletea Baba.