Naomba ushauri: namna ya kulea viongozi wa mabadiliko hospitalini

Ndugu zangu, ninasimamia timu ya uboreshaji huduma katika hospitali ya mkoa inayofuata Kaizeni, utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo kwa kuwashirikisha wafanyakazi wote, ulioanza kujaribiwa hospitalini nchini Tanzania mwaka 2007 katika Hospitali ya Rufaa Mbeya. Wodi ya wazazi, ambako muuguzi kiongozi huwashirikisha hata wahudumu wa usafi katika kupanga stoo, imebadilika kweli. Wodi nyingine hupanga makabati pale tu zinaposikia wakaguzi wanakuja (mabango ukutani, hata hivyo, hayapungui). Ninafikiria kumhamishia muuguzi huyo wodi ya upasuaji ili awalee wenzake, lakini nahofia anakotoka kutalegea. Je, nimhamishe, au viongozi wa wodi nyingine waje kufanya kazi chini yake kwa muda? Mliowahi kusimamia jambo hili, naomba mnieleze pia mliwashawishi vipi madaktari bingwa, ambao vikao vyetu hawavihudhurii.