Ufadhili wa kusomea sanaa ya Kichina: Washington, London au Beijing?

Mwanamvita: Hamjambo nyote. Nina shahada ya akiolojia, na huu ni mwaka wa nne nafanya kazi kwenye ghala la makumbusho hapa pwani. Kila siku vigae vya kauri ya Kichina, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vinapita mikononi mwangu, na ninachoweza kuandika ni "kijani" au "buluu na nyeupe" tu. Nataka kujua kila kimoja kilichomwa tanuri gani, karne gani. Nimebaki na njia tatu: ufadhili wa utafiti wa makumbusho ya Smithsonian kule Washington, mafunzo ya British Museum ya London, na ufadhili wa masomo wa serikali ya China. Nisaidieni kupima.

Mtafiti_Dodoma: Dada, Smithsonian wanapokea raia wa nchi yoyote, lakini soma masharti. Ule wa wiki 10 ni wa aliyekwisha kusajiliwa shahada ya juu. Ule mrefu unamtaka anayeandika tasnifu ya uzamivu. Na pendekezo la utafiti unalibuni mwenyewe. Jumba lao la sanaa ya Asia, Freer, lililofunguliwa 1923, ni hazina kwa mtu mwenye swali lililoiva. Wewe hujaanza uzamili, hivyo liweke akiba.

Kombe la Kale: Mafunzo ya British Museum yalianza 2006, na yanawalenga watu walioko kazini kama wewe. Ni wiki chache tu, na unajifunza kazi ya makumbusho kwa jumla: maonyesho, utunzaji, wageni. Kauri si somo lake. Hata hivyo ukifika, nenda chumba namba 95. Kuna mkusanyo wa Sir Percival David, vyombo karibu 1,700, pamoja na mitungi miwili mirefu yenye maandishi ya mwaka 1351. Wataalamu hupimia tarehe za kauri ya buluu na nyeupe ya karne ya 14 kwa mitungi hiyo miwili. Mimi nilisimama pale hadi kengele ya kufunga. Lakini ni vyombo vizima nyuma ya kioo, bibie, na vingi ni vya hadhi ya ikulu. Vyetu ni mabakuli ya biashara, tena vipande.

Mzee wa Gede: Mwanangu, nenda China. Kigae hutambuliwa kwa kigae, na huko ndiko kwenye matanuri yenyewe, Longquan na Jingdezhen, na malundo ya vyombo vilivyoharibika motoni. Tena Chuo Kikuu cha Peking, cha huko Beijing, si wageni kwetu: mwaka 2010 walichimba Mambrui, kwenye pwani ya Kenya, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ufadhili unalipa ada, malazi, bima, na posho ya yuan 3,000 kwa mwezi kwa uzamili.

Mtafiti_Dodoma: Shikamoo mzee. Naunga mkono, ila lugha isichukuliwe kirahisi. Ripoti za uchimbaji wa matanuri zimeandikwa Kichina. Dada, anza darasa la lugha mwezi huu, usingoje barua. Na likizo ya masomo uipate kwa maandishi kabla hujapanda ndege.

Mwanamvita: Shikamoo mzee, ahsanteni sana. Basi China. Wakati nasubiri, nianzie wapi ghalani?

Mzee wa Gede: Marahaba. Vitenge vigae vyenye kitako. Vigeuze, piga picha ya chini, pale mpako unaong'aa kama kioo ulipokomea na udongo ukabaki wazi. Pima upana wa duara. Mwalimu wa kauri ataanza kuangalia hapo, kabla ya maua yaliyochorwa.