Lipu inapukutika chini ya ukuta na bati linavuja: nifanye mwenyewe au niite fundi?

MkaziChumbageni
Assalaam aleikum wakuu. Nyumba iko Chumbageni, Tanga, ya tofali za saruji, bati la migongo midogo geji 30 (jembamba). Sebuleni lipu inapukutika kuanzia sakafuni hadi sentimita 60 hivi, kwa urefu wa mita 6, na unga mweupe hauishi. Juu bati linavuja kwenye misumari. Fundi ametaja bei moja, vifaa na ufundi pamoja, na anasema dawa ni lipu nzito yenye sementi nyingi. Kipi nifanye mwenyewe kabla ya masika, kipi nimwachie?

MwikoNaTimazi
Wa aleikum salaam mkuu. Lipu hiyo nzito usiikubali. Unga huo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini ndani ya tofali, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuacha chumvi, nayo ikiganda inatanuka na kuisukuma lipu. Ukiziba kwa sementi kali maji yatapanda juu zaidi, na utakuja kubandua mita nzima badala ya sentimita 60.

Anza nje. Udongo ulioegemea ukuta uchimbe ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, na maji ya paa yasidondokee hapo. Halafu usiku funga koki zote, soma mita ya maji, uisome tena alfajiri kabla hakijafunguliwa kitu. Ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja, na lipu yoyote utakayopiga itaoza. Haya hayahitaji fundi.

Kubandua nako ni kazi yako: tindo, nyundo, brashi ya waya, miwani. Panda sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, kwangua viungo vya tofali kina cha sentimita 1 hadi 2. Chumvi iondoe kwa brashi kavu na uizoe. Ukiosha kwa maji unairudisha ndani ya tofali. Acha ukuta wazi wiki kadhaa, Januari na Februari ndiyo miezi yake. Kisha bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ngoja siku nzima. Matone yakitokea upande wa ukutani, bado haujakauka.

Lipu yenyewe mpe fundi, maana kunyoosha mita 6 kwa rula si kazi ya kujifunzia sebuleni. Ila mchanganyiko uamue wewe: sementi ndoo 1, chokaa ndoo 1, mchanga ndoo 6, za lita 20. Inatosha eneo lako lote (6 kwa 0.9) kwa unene wa milimita 15, na sementi ya mfuko mmoja wa kilo 50 itatosha na kubaki. Ipigwe mikono miwili, yaani tabaka mbili, mkono wa kwanza ukwaruzwe. Iliyokaa zaidi ya saa mbili itupwe, isiongezwe maji. Mwagilia asubuhi na jioni siku 7. Rangi iwe ya maji, kamwe isiwe ya mafuta.

MkaziChumbageni
Nashukuru sana mkuu. Mchanga wa ufukweni naupata kwa bei nafuu, unafaa?

BintiDunda
Haufai kaka. Una chumvi ile ile unayoibandua. Tafuta wa mto, uupime: tia kwenye chupa angavu, jaza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, ukatae.

Wenye nyumba za mawe na chokaa, kama zetu za Mji Mkongwe Bagamoyo, hata mchanganyiko huo wa juu msiutumie. Ni chokaa 1, mchanga 3, bila sementi kabisa. Sementi ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, inafungia maji ndani na ikibanduka inaondoka na uso wa jiwe. Na jengo lililo chini ya ulinzi wa Idara ya Mambo ya Kale haliguswi bila kibali.

KenchiNaPapi
Upande wa bati: msumari hukaa mgongoni. Uliopigwa kwenye mfereji utavuja tu, maana maji yote yanapita juu yake. Pwani hapa jua linakausha mpira wa msumari na chumvi inakula kichwa chake. Usigongomee upya msumari uliolegea, tundu la mbao limeshapanuka. Ung'oe, weka skrubu ya bati, iliyo nene kidogo kuliko msumari, yenye washa ya mpira, ukaze hadi mpira ubonyee bila kutoka nje ya washa.

Hiyo unaweza mwenyewe, kama bati ni kavu, upepo umetulia, na ngazi imefungwa na kushikwa na mtu. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, chini yake ndiko kuna papi, mbao zinazobeba bati. Geji 30 ukiikanyaga katikati inabonyea na kufungua mpandano wa bati na bati. Kutu ikishatoboa bati, au kofia (bati la kileleni mwa paa) ikihitaji kufunguliwa, ita fundi.

MwikoNaTimazi
Bei ile ya pamoja ivunje. Vifaa nunua mwenyewe, ufundi patana kwa mita ya mraba, na ubakize sehemu ya malipo hadi wiki mbili baada ya lipu. Siku hiyo igonge kote kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu haijashika, pabanduliwe na kurudiwa kabla hujammalizia.