Oili inafika nyuzi 135 na joto la ekzosi linakausha nyaya: nianze na lipi?

Kasi_Tulivu aliuliza:

Habari za wakati huu, wakuu. Nina gari la michezo lenye injini ya mbele ya silinda 4, lita 2, na turbo moja. Nimelifanyia mabadiliko hatua kwa hatua: turbo kubwa kidogo kuliko ya kiwandani, bomba la inchi 3 linaloshuka kutoka kwenye turbo, intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) pana zaidi, na programu mpya ya kompyuta ya injini. Katika matumizi ya kawaida ya barabarani halinisumbui hata kidogo. Nikilipeleka kwenye uwanja wa mbio, baada ya mizunguko michache ya nguvu, geji ya oili hupanda hadi nyuzi 135 za Selsiasi na presha hushuka kuliko ninavyopenda, ingawa maji ya rejeta hayavuki nyuzi 98. Isitoshe, plastiki ya nyaya zinazopita karibu na turbo imekauka na kuanza kupasuka, na kuelekea mwisho wa kila kipindi pedali ya klachi huwa laini na kuzama.

Fundi mmoja ameniambia niweke oili ya 20W-60. Mwingine anasisitiza nizungushie utepe wa kukinga joto ekzosi nzima, kuanzia kwenye manifoldi (mabomba yanayopokea gesi kutoka kwenye silinda) hadi chini ya gari. Ningependa kujua kama haya ni matatizo mawili au ni moja, na kama fedha hazitoshi kufanya yote, lipi litangulie.

Mlinzi_wa_Sampu alijibu:

Mkuu, chanzo ni kimoja lakini matatizo ni mawili. Unachoma petroli nyingi zaidi, kwa hiyo unazalisha joto jingi zaidi. Ila njia ambayo joto hilo hupita kufika kwenye oili si ile linayopita kufika kwenye nyaya. Oili hubeba joto kutoka chini ya vichwa vya pistoni, hasa ikiwa injini yako ina vinyunyizio vya kuzipoza, kisha hupata jingine ndani ya beringi za krankishafti, ambako utando mwembamba wa oili husuguliwa kwa kasi kubwa, na hatimaye kwenye beringi za turbo. Ukiivika ekzosi utepe wote huo, geji ya oili itashuka kidogo sana kama itashuka. Vilevile kipozeo cha oili, hata kiwe kikubwa namna gani, hakitaokoa waya mmoja.

Kabla ya kununua chochote, tafuta sensa yako ya joto imefungwa wapi. Iliyo kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, husoma oili ambayo imekwisha kuzunguka injini na kukusanya joto, ilhali iliyo baada ya kipozeo husoma oili inayokaribia kuingia kwenye beringi. Nyuzi 135 ndani ya sampu, wakati kuna kipozeo kinachofanya kazi baada yake, zinavumilika kwa muda mfupi; nyuzi hizohizo kwenye mlango wa beringi zinanifanya niondoe mguu mara moja. Kwa kawaida napenda kuona oili ikifanya kazi kati ya 100 na 120. Ikifika 130, hata kama ni ya sintetiki na ya ubora wa juu, mimi huendesha mzunguko mmoja wa taratibu ili ipoe. Na isikae chini ya 80 kwa muda mrefu, kwa sababu maji na petroli iliyopenya kupita ringi za pistoni havipati nafasi ya kuwa mvuke na kutoka.

Sasa kuhusu 20W-60. Kiwango cha SAE J300, kinachopanga madaraja ya oili za injini, kinataka oili ya daraja la 40 (namba inayofuata W) iwe na mnato, yaani uzito wa kutiririka, usiopungua senti-stoki 12.5 na usiofika 16.3 kwenye nyuzi 100. Oili hiyohiyo ikifika nyuzi 130 hubaki na takriban nusu ya mnato iliokuwa nao kwenye 100, na hapo ndipo presha yako inapopotelea. Ni kweli kwamba oili nzito itainua mshale wa geji, lakini geji haipimi wingi wa oili inayopita, hupima ukinzani inaokutana nao pampu. Oili nzito kupita kiasi husuguliwa kwa nguvu zaidi ndani ya beringi, hivyo hujitengenezea joto lake yenyewe, na kwa kuwa hupita taratibu zaidi, huondoa joto kidogo zaidi. Kupanda daraja moja, kutoka 40 hadi 50, hufidia nyuzi 10 na ushei tu za joto. Ukitegemea daraja peke yake utakuwa unaufukuza upepo. Ningechagua sintetiki ya 5W-50 au 10W-50, mradi mtengenezaji wa injini haikatazi, na ningesoma kwenye karatasi ya bidhaa namba ya mnato kwenye nyuzi 150 chini ya msuguano mkali, ambayo watu wengi huiruka. Kwa 5W-40 kiwango cha chini ni milipaskali-sekunde 3.5, nami kwa gari la uwanjani hupendelea inayovuka 4.

Usisahau pia petroli. Injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zikiwa na mchanganyiko mzito (wenye petroli nyingi) na turbo iliyoongezwa presha, hupenyeza kiasi fulani hadi kwenye sampu, na oili iliyochanganyika na petroli hupoteza mnato hata ikiwa ya daraja lolote. Ukichomoa kijiti cha kupimia na kunusa petroli waziwazi, ibadilishe bila kungoja kilomita zilizoandikwa kitabuni.

Tiba ya joto la oili ni kipozeo chenye thamostati inayofunguka karibu na nyuzi 80, ili safari fupi za kawaida zisiiache oili ikiwa baridi. Kisipangwe mbele ya rejeta vyote viwili vikanyimana hewa, na hewa iongozwe kwa njia iliyozibwa pembeni, kwa maana hewa hupenda kupita pasipo na kizuizi, na ukiiachia upenyo itakizunguka kipozeo badala ya kupita katikati yake. Wengi huhangaika na mahali hewa inapoingilia, halafu wakasahau inapotokea. Kipozeo kilichoegemea ukuta wa plastiki ya bampa ni pambo. Wazo la kuipoza injini kwa oili si geni wala si la mbio tu: Porsche 911 zilizopozwa kwa hewa, ambazo uzalishaji wake ulikoma mwaka 1998, zilitegemea oili kwa sehemu kubwa ya kazi ambayo magari mengine huyaachia maji.

Beringi_Kimya alijibu:

Nakubaliana na hayo yote, ila swali moja halijaulizwa, na kwangu ndilo linalotangulia mengine. Presha inashuka namna gani? Ikiwa inapungua polepole kadiri joto linavyopanda, huo ni mnato. Ikiwa mshale unadondoka ghafla kwenye kona ndefu na kurudi gari linaponyooka, basi oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa, na hilo huharibu beringi ndani ya sekunde chache hata oili ikiwa na nyuzi 100 tu. Kanuni ya zamani ya mafundi inasema presha iwe takriban bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, yaani kama bar 4 kwenye mizunguko 6,000. Injini mpya zenye pampu inayojirekebisha haziifuati sawasawa, kwa hiyo ichukue kama kipimo cha kukushtua tu.

Chuma_Chekundu alijibu:

Mimi nizungumzie upande wa ekzosi, maana huku ndiko nilikokaa zaidi.

Gesi inayotoka kwenye injini ya petroli yenye turbo ikisukumwa kwa nguvu zote huwa kati ya nyuzi 850 na 950. Turbo nyingi zimetengenezwa kustahimili takriban 950, na zile zenye aloi bora zaidi hufika 1,050. Chuma kikiwa moto kiasi hicho, joto linaloruka kama mnururisho, bila kuhitaji hewa ya kulibeba, ndilo linalochoma vitu vya jirani, na ukali wake hukua kwa kipeo cha nne cha jotoridi kamili (linalohesabiwa kuanzia nyuzi -273). Kwa hesabu hiyo, manifoldi ya nyuzi 900 hunururisha zaidi ya mara mbili ya manifoldi ya nyuzi 700. Ndiyo maana nyaya zako zilivumilia miaka yote turbo ya kiwandani na zimekufa kwa haraka baada ya mabadiliko.

Mnururisho husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo bamba jembamba la chuma king'avu, lililoachwa na pengo la hewa la sentimita moja hivi kutoka kwenye kitu cha moto na pengo jingine kutoka kwenye kitu kinacholindwa, hufanya kazi kubwa kuliko unene wake. Karibu na turbo tumia chuma kisichoshika kutu, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. McLaren F1 ilitandikwa karatasi ya dhahabu kwenye chumba cha injini kwa sababu hiyohiyo: dhahabu huakisi mnururisho wa joto vizuri sana. Sisi wengine bamba linatosha.

Utepe sijaupenda kamwe kwenye manifoldi ya chuma cha kusubu au chuma cha kawaida. Hushikilia unyevu gari linapolala, chuma ndani yake hufanya kazi kikiwa na joto kubwa zaidi ya lililokusudiwa, nyufa hujificha usizione, na ukilowa oili huwa utambi ulio tayari kuwashwa. Kwa turbo, tumia koti maalumu linalofunika upande wa tabini (gurudumu linalozungushwa na gesi ya ekzosi) peke yake. Ukifunika na sehemu ya katikati, zilimo beringi na oili, umeipikia oili ndani ya chungu.

Kuhusu pedali ya klachi, naamini kabisa kwamba paipu ya majimaji ya klachi inapita karibu na bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo. Majimaji ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango cha chini kinachokubalika ni 155 tu, na paipu inayoangaliana na chuma chekundu hufika huko. Badilisha majimaji, sogeza paipu kadiri inavyowezekana, kisha uivike ala ya kukinga joto. Ala bila kusogeza huahirisha tu.

Mlinzi_wa_Sampu alijibu:

Mkuu Chuma_Chekundu, naomba kutofautiana nawe kidogo kuhusu utepe. Kwenye bomba la chuma kisichoshika kutu, chini ya turbo, mbali na mahali popote oili inapoweza kuvuja, nimeuona ukifanya kazi nzuri kwa miaka mingi. Kwenye manifoldi tuko pamoja. Huko mipako ya kauri ndiyo inayofaa.

Ramani_ya_Moto alijibu:

Kwa ufupi, kwa kuwa wengine wameeleza vyema: kabla ya kulikinga joto, hakikisha hulitengenezi bure. Cheche ikichelewa, mwako huendelea wakati vali ya ekzosi inafunguka, na nishati ambayo ingeisukuma pistoni huishia kwenye manifoldi. Programu nyingi mpya huchelewesha cheche ili injini isigonge kwenye petroli dhaifu, halafu mwenye gari hununua koti la turbo ili afunike matokeo. Mwombe aliyeandika programu akuonyeshe rekodi ya cheche na mchanganyiko wa hewa na petroli katika mizunguko ya juu, na ufunge sensa ya joto la gesi kabla ya turbo. Vipimajoto vya kuelekeza kwa mkono hudanganya sana kwenye chuma king'avu. Kwa nyaya na paipu, vibandiko vinavyobadilika rangi kwenye joto fulani ni vya kuaminika zaidi.

Kasi_Tulivu alijibu:

Nashukuru sana, wakuu. Nimekagua gari na kusoma upya rekodi nilizonazo. Sensa ya joto imefungwa kwenye sampu, na gari halina kipozeo zaidi ya kile kidogo cha kiwandani kinachotumia maji. Presha hushuka polepole kwa jumla, lakini kwenye kona ndefu ya kulia kuna mdondoko wa ghafla ambao sikuwahi kuutilia maanani. Paipu ya klachi kweli inapita karibu sana na bomba la turbo. Je, nikiinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa (pete bapa za chuma) kwenye bawaba, nitapunguza joto? Na kuna haja ya kuiacha injini iungurume bila mwendo kabla ya kuizima?

Beringi_Kimya alijibu:

Mdondoko huo wa ghafla umekwisha kujibu lipi litangulie. Weka kwanza sampu yenye kuta na vilango vya ndani vinavyozuia oili kukimbia pickapu (mdomo wa kunyonyea) ya pampu, jaza oili hadi alama ya juu kabisa, na mpaka hapo usiishambulie kona hiyo. Kipozeo cha oili kinachopozwa kwa hewa kifuate. Kumbuka kipozeo na paipu zake vitameza oili ya ziada, kwa hiyo washa injini, izime, kisha upime upya.

Chuma_Chekundu alijibu:

Washa kwenye bawaba usiziweke. Chini ya kioo cha mbele ni eneo la presha kubwa gari linapokimbia, kwa hiyo hewa itaingilia huko badala ya kutokea, na itapambana na ile inayojaribu kutoka kwenye rejeta. Matundu yanafaa sehemu ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, ambako presha ni ndogo. Washa husaidia gari likiwa limesimama tu.

Kuhusu kuzima, kilicho muhimu zaidi ni mzunguko wa mwisho wa taratibu, gia ya juu, mguu mwepesi, kwa sababu hapo hewa inapita kila mahali. Ukishaegesha, dakika moja au mbili zinatosha, kisha zima na uache boneti wazi. Joto la tabini husafiri kuelekea kwenye beringi baada ya oili kusimama, na oili iliyobaki humo huungua ikawa masizi magumu yanayoziba njia. Ikiwa turbo yako ina njia za maji, hakikisha paipu ya kutokea inapanda bila kuwa na tumbo mahali popote, ili maji ya moto yaendelee kujiinua na kuvuta ya baridi hata pampu ikiwa imesimama.