Nina kithibitishi kimoja na ETH 4 za ziada: nivunje niingie CSM au nibaki nilipo?

Nodi_ya_Usiku aliandika:

Wakuu, naomba mnisaidie kufikiri kabla sijabonyeza kitu nisichoweza kukirudisha.

Naendesha kithibitishi kimoja cha Ethereum nyumbani tangu mwanzoni mwa 2022, yaani programu inayopiga kura kuthibitisha bloku za mtandao kwa dhamana ya sarafu yake, ETH. Wakati ule tuliweka ETH zetu 32 bila kujua lini tutaruhusiwa kuzitoa. Nilikaa zaidi ya mwaka nikitazama salio likipanda bila kuligusa, mpaka Aprili 2023 sasisho la Shapella lilipofungua mlango. Tangu hapo zawadi zinashuka zenyewe kwenye pochi yangu kila baada ya siku kadhaa. Sijazitumia. Leo ni ETH 4 na ushee.

Mashine yangu ina RAM ya GB 32 na SSD ya TB 2, inaendesha programu za nodi za Nethermind na Lighthouse. Diski ilikuwa karibu kujaa mwaka jana, nikaogopa. Kilichoniokoa ni ile ruhusa ya Julai 2025 ya kufuta historia ya kabla ya Merge, pale mtandao ulipohama kutoka uchimbaji kwenda dhamana. Nafasi iliyopatikana imeniwezesha kuendelea bila kununua diski nyingine.

Sasa kila ninaposoma habari za waendesha nodi nakuta watu wanahamia kwenye moduli ya jamii ya Lido, ile CSM: Lido inakusanya ETH za watu na kuziweka kwenye vithibitishi, wewe unaviendesha kwa dhamana ndogo. Dhamana ya kithibitishi cha kwanza ni ETH 2.4, kila kinachofuata 1.3. Nimepiga hesabu: nikivunja changu, kwa ETH 32 nawasha vithibitishi 23. Ishirini na tatu! Nikishindwa hilo, nimefikiria nitoe ETH 10 tu kwenye 32 nizipeleke huko. Au nibadilishe kithibitishi kutoka 0x01, aina ya sasa inayonishushia zawadi pochini, kiwe cha 0x02, aina ambayo salio linaweza kuzidi 32, na kuongezea hizi 4 zilale humohumo zikizaa.

Sitafuti utajiri wa haraka. Nodi hii nimeilea miaka minne na nataka ibaki mikononi mwangu. Ila sitaki pia kubaki nyuma kwa uoga. Ninyi mngefanyaje?

---

Funguo_Moja alijibu:

Mkuu, usivunje. Nakueleza kwa nini, kisha nikuonyeshe njia ambayo uliipita bila kuiona.

Anza na muda. Mtandao hauruhusu watu kutoka kwa mkupuo. Zinazotoka ni ETH 256 kwa kila epoki, na epoki ni dakika 6.4, kwa hiyo ni ETH 57,600 kwa siku. Septemba 2025 kampuni ya Kiln, inayoendesha vithibitishi vya wateja, walipoondoa vithibitishi vyao vyote kwa tahadhari, foleni ya kutoka ilivuka ETH milioni 2.5. Gawanya mwenyewe uone: zaidi ya siku 40. Na ukiwa foleni bado unapiga kura kama kawaida, ukizima mashine unatozwa. Ukishatoka kuna epoki 256 nyingine, kama saa 27, kisha unasubiri mzunguko wa malipo ukufikie. Upande wa pili nako kuna foleni: funguo zako za CSM zinangoja Lido ipate ETH za kuziwekea, na moduli yenyewe ina ukomo wa fungu lake. Dhamana yako inazaa ukiwa unasubiri kwa sababu inakaa kama stETH, tokeni ya Lido inayoongezeka kwa zawadi, lakini kazi ya kithibitishi haijaanza.

Kutoa ETH 10 kwenye 32 haiwezekani. Sasisho la Pectra, Mei 2025, lilileta njia ya kuomba kutoa sehemu ya salio kutoka kwenye pochi yenyewe, lakini ni kwa kithibitishi cha 0x02 na ni kile kilichozidi 32 tu. Chini ya hapo ni kutoka chote au kubaki chote.

Hivyo vithibitishi 23, hesabu yako ni sahihi. Ila tangu sasisho la Fusaka la Desemba 2025 mzigo wa nodi unafuata ETH inazozihudumia. PeerDAS, mfumo wake wa nodi kugawana mzigo, imegawa data ya blobu (vifurushi vya data vya mitandao ya tabaka la pili) katika safu 128. Nodi yenye vithibitishi hutunza angalau safu 8, kisha inaongezewa safu moja kwa kila ETH 32 baada ya kupita kiwango hicho. Ukiwa na kithibitishi kimoja unatunza safu 8. Ukiwa na vitatu ni 8 zilezile. Ukifika 23, ni safu 23, karibu mara tatu ya unachopakua na kutunza leo, na nafasi za blobu zenyewe zimeendelea kupanuliwa: kutoka ukomo wa 9 kwa bloku hadi 15 mwezi Desemba, kisha 21 Januari 2026. Kikomo cha gesi, yaani kiasi cha kazi kinachoingia kwenye bloku moja, nacho kimepanda kutoka milioni 30 hadi 60 ndani ya 2025. Pendekezo la EIP-7870 kuhusu vifaa linataja diski ya TB 4. Diski yako ya TB 2 inapumua leo kwa sababu ulifuta historia. Usiihukumu kwa hali ya mwaka jana.

Kisha angalia pochi yako. 2.4 na 1.3 ni 3.7. ETH 4 ulizonazo zinatosha vithibitishi viwili vya CSM na chenji ya ada inabaki, bila kugusa 32 zako na bila safu hata moja kuongezeka. Mimi ningeanza hapo.

---

Mlinzi_wa_Mzani alijibu:

Namheshimu Funguo_Moja, lakini hapa natofautiana naye kwa moyo wote.

Kila ufunguo unaouwasha ndani ya CSM unahesabika kwenye fungu la Lido, ambayo kwa miaka kadhaa ndiyo imekuwa itifaki kubwa kuliko zote za dhamana kwenye Ethereum. Ndiyo, CSM imefungua mlango kwa watu wa nyumbani, na wanastahili sifa kwa hilo. Kabla yake orodha ya waendeshaji wa Lido ilikuwa ya kuchaguliwa. Lakini mtu ambaye ameshika ETH 32 zake mwenyewe kwa miaka minne ndiye mtandao unamhitaji zaidi. Kwake hakuna mkataba wa mtu mwingine, hakuna kura ya wenye tokeni inayoweza kumbadilishia masharti.

Ndugu, badilisha kiwe 0x02, weka hizo 4 humohumo, uwe na 36. Salio halali, lile linalohesabiwa kwenye zawadi, litaongezeka kwa hatua ya ETH 1 moja hadi 2,048, na zawadi zitazaa zawadi. Kama lazima utumie itifaki, tazama pia Rocket Pool, itifaki nyingine ya aina hiyo: dhamana ya ETH 8 ilianza 2023, na sharti la kuwa na RPL, tokeni yao, limeondolewa.

---

Funguo_Moja alijibu:

Mlinzi, hoja yako ya mizani ni nzito na siipingi. Ndiyo maana nimesema asivunje 32. Ila ajue jambo moja kuhusu 0x02: hakuna kurudi 0x01. Zawadi hazitashuka tena zenyewe pochini. Akizitaka lazima aziombe, na ombi linapita foleni ileile ya kutoka. Mtu aliyezoea kuona zawadi zikiingia kila baada ya siku kadhaa atalihisi hilo.

---

Nodi_ya_Usiku aliandika:

Asanteni sana, mmenifungua macho, hasa hilo la safu. Swali moja: nikiwasha viwili vya CSM kwenye mashine hiihii yenye kithibitishi changu, kuna hatari gani? Nasikia tangu Pectra adhabu ya kukatwa (slashing), ile ya ufunguo mmoja kutia saini mbili zinazopingana, imekuwa ndogo mno.

---

Funguo_Moja alijibu:

Hapa ndipo naomba usome polepole.

Kwanza anwani ya kupokea ada. Funguo za CSM lazima zipeleke ada za bloku kwenye hazina ya Lido, zako zinaenda kwako. Ukiziweka zote kwenye programu moja yenye anwani moja, siku kithibitishi cha CSM kikipewa zamu ya kutoa bloku na ada ikaja kwako, inahesabiwa kuwa umeiba na dhamana inafungiwa. Haijalishi kama ulikusudia. Endesha programu mbili za vithibitishi, kila moja na faili lake la mipangilio, zote zikiunganishwa na nodi moja. Na kwa zile za CSM tumia relei (wapatanishi wanaokuletea bloku zilizotengenezwa na wengine) zilizo kwenye orodha yao tu.

CSM pia inakupima. Kila siku 28 kithibitishi kinacholegalega chini ya kiwango kinakosa zawadi ya mwendeshaji kwa kipindi hicho, na kikirudia mara kadhaa kinaweza kutolewa kwa nguvu. Ile njia ya Pectra ya kutoa kutoka kwenye pochi inawawezesha kufanya hivyo bila wewe.

Sasa kukatwa. Ni kweli, adhabu ya mwanzo imeshuka kutoka sehemu 1 ya 32 hadi sehemu 1 ya 4,096. Kwa ETH 32 hiyo ni kutoka ETH 1 hadi 0.0078. Lakini kithibitishi kimekwisha: unakaa kama siku 36 ukitozwa bila kupiga kura inayohesabika, na wengi wakikatwa pamoja nawe adhabu ya pili inakua. Septemba 2025 vithibitishi 39 vilivyokuwa vikitumia SSV, itifaki ya kugawana ufunguo kati ya waendeshaji, vilikatwa kwa siku moja, na chanzo kilikuwa kwenye mitambo ya waendeshaji, si kwenye itifaki. Kukatwa karibu siku zote kunaanzia kwenye mkono wa mtu aliyekuwa akihamisha kitu.

Nasema hivi kwa sababu mkono huo umewahi kuwa wangu. Nilikuwa nahamia mashine mpya. Nilizima ya zamani, nikahamisha funguo pamoja na kumbukumbu ya saini, nikawasha mpya, ikaanza kupiga kura vizuri. Ya zamani niliiacha mezani ikiwa imechomekwa. Usiku umeme ukakatika, uliporudi mashine ya zamani ikajiwasha kama nilivyokuwa nimeiagiza miaka iliyopita, na programu ya vithibitishi ikaamka nayo, funguo zikiwa bado ndani. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimewasha ule ulinzi dhidi ya pacha: programu ikianza inakaa kimya epoki mbili tatu ikisikiliza kama kuna mwingine anatia saini kwa ufunguo uleule. Ilinisikia mimi mwenyewe, ikajizima. Asubuhi niliposoma kumbukumbu za mashine mikono ilinitetemeka. Tangu siku ile sihamishi ufunguo kabla ya kuufuta kabisa kule unakotoka na kusubiri epoki tatu bila kura yoyote kuonekana kwenye mnyororo. Nakosa kura za dakika ishirini. Nazikosa kwa furaha.

---

Wanne_Watatu alijibu:

Nyongeza fupi. Kama tatizo ni mashine moja kufa, kuna kugawana ufunguo. Sisi tuko wanne kwa Obol, itifaki ya kazi hiyo, saini inakamilika tukiwa watatu. Mwenzetu mmoja alikaa bila intaneti siku mbili na kithibitishi hakikukosa kura yoyote ya kutaja.

Na kila mmoja wetu anatumia programu tofauti. Tulifanya hivyo baada ya yaliyotokea Holesky, mtandao wa majaribio, Februari 2025, pale programu za Geth, Nethermind na Besu zote tatu zilipobeba anwani isiyo sahihi ya mkataba wa amana na mtandao huo ukafuata mnyororo mbovu. Kisha 4 Desemba 2025, siku moja baada ya Fusaka, programu ya Prysm ikalemewa na ushiriki wa mtandao mzima ukashuka hadi karibu asilimia 75. Ungeshuka chini ya theluthi mbili, ukamilisho wa bloku ungesimama.

---

Nodi_ya_Usiku aliandika:

Nimeamua. ETH 32 zangu zinabaki kama zilivyo, 0x01. Mlinzi, sijaipuuza hoja yako. Nimekaa nayo siku mbili. Ila nataka kujifunza kuendesha kwa ajili ya wengine pia, na vithibitishi viwili ni kiwango ambacho nikikosea sitamuumiza mtu sana.

Jana nimeanza kwenye Hoodi, mtandao wa majaribio, kwa ETH zisizo za kweli: programu ya pili ya vithibitishi, anwani ya hazina imeandikwa na kukaguliwa mara tatu, ulinzi dhidi ya pacha umewashwa. Mashine yangu ya zamani iliyokuwa kabatini nimeitoa, nimefuta diski yake yote, kisha nikachomoa waya. Nitaacha Hoodi iende kipindi kimoja kizima cha siku 28 kabla sijapeleka hata ETH moja ya kweli. Nikimaliza nitarudi hapa na namba.